Mwongozo kamili wa kuchagua, kupoza na kupendekeza mvinyo mweupe wa Italia katika joto la Kigoma

Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, joto la Kigoma huleta malalamiko yaleyale mezani. Mtu amenunua mvinyo mweupe wa Italia kwa bei iliyomfanya afikiri mara mbili, ameufungua mbele ya wageni wake, na wageni wameacha glasi zikiwa nusu. Mmoja anasema ni mchachu kama siki. Mwingine anasema ni mtamu kama juisi, ilhali yeye alitaka mkavu. Wa tatu hana maelezo zaidi ya kusema kwamba "umechemka".

Nimehudumia wageni na kufundisha wahudumu wapya katika mji huu kwa muda wa kutosha kujua kwamba ni mara chache kosa huwa katika aina ya zabibu. Makosa yenyewe ni matatu: chupa iliharibiwa na joto kabla ya kufunguliwa, lebo haikusomwa mpaka mwisho, au mvinyo ulimiminwa ukiwa bado vuguvugu. Hatua zifuatazo zinaziba matundu hayo matatu, kisha zinaonyesha jinsi ya kumpendekezea mtu mwingine chupa uliyoigundua, kwa kuwa kujua mvinyo mzuri ni kazi moja na kumshawishi mgeni auonje ni kazi nyingine. Mwongozo unawahusu watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi ambao hunywa pombe kwa hiari yao.

Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kufungua chupa yoyote, kwa sababu mvinyo ukishapoa hausubiri mtu aliyekwenda kuazima kizibuo kwa jirani.

- Chupa mbili au tatu za aina tofauti, kila moja ya mililita 750.
- Kizibuo chenye msokoto mwembamba. Ule mnene unaofanana na skurubu ya mbao huvunja kizibo.
- Ndoo yenye kina cha kufikia mabega ya chupa.
- Barafu kilo mbili au tatu, maji, na chumvi ya kawaida kiasi cha viganja viwili.
- Glasi zenye mguu, zilizooshwa na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe.
- Kitambaa safi cha pamba ambacho hakijatumika jikoni.
- Daftari na kalamu.
- Chakula kitakacholiwa siku hiyo. Mvinyo ulioonjwa bila chakula hutoa jibu la swali ambalo mgeni hakuuliza.

Kipimajoto cha jikoni ni msaada mzuri, lakini mkono uliozoea unaweza kuchukua nafasi yake.

Hatua ya 1: Anza na sahani, usianze na jina

Kabla ya kutaja jina lolote la Italia, andika kitakachoandaliwa. Mgebuka, yaani samaki wa ziwa letu la Tanganyika, wa kuchoma unaokamuliwa limau, mgebuka uliokaangwa, dagaa wa kukaanga na pilipili, na kuku wa kienyeji aliyeungwa kwa mawese ni vyakula vinne vyenye madai tofauti, hata kama vyote vinaliwa kando ya ziwa moja.

Sababu zake zinaeleweka ukizipima kwa ulimi wako mwenyewe. Chumvi hupunguza makali ya uchachu, na ndiyo maana mvinyo ulioonekana mkali peke yake hulainika ukiunywa na dagaa. Mafuta hutanda mdomoni, na uchachu huyasafisha jinsi limau linavyofanya, kwa hiyo chakula cha mawese hudai mvinyo mchachu kuliko chakula cha kuchemsha. Pilipili hukuza moto wa kilevi, ndiyo maana mvinyo wenye asilimia 14 ukiandamana na pilipili mbuzi huunguza koo. Chakula chenye utamu, kama ndizi mbivu za kukaanga, huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu na mwembamba.

Umefanikiwa katika hatua hii ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja unachotafuta, kwa mfano: "Nataka mvinyo mkavu, mwepesi, wenye uchachu wa limau, wa kunywa na mgebuka wa kuchoma saa saba mchana."

Hatua ya 2: Soma lebo yote, mbele na nyuma

Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jambo la kwanza ni utamu. Italia ina maneno manne yanayopanda ngazi: secco ni mkavu, yaani karibu hauna sukari, abboccato una utamu wa mbali, amabile ni mtamu wa kati, na dolce ni mtamu kabisa. Jina la eneo peke yake halikuambii ngazi. Orvieto, kwa mfano, hutengenezwa katika ngazi zote nne, na chupa mbili zenye jina hilo zinaweza kusimama rafu moja bila kufanana hata kidogo mdomoni. Vilevile Soave ni mkavu, lakini Recioto di Soave ni mtamu. Neno passito nalo lina maana kwamba zabibu zilianikwa kabla ya kukamuliwa, na mara nyingi matokeo yake ni mvinyo mtamu, mzito, usiofaa kiu ya mchana.

Jambo la pili ni asilimia ya kilevi. Kwa joto letu tafuta kati ya 11 na 12.5, na 13 iwe mwisho. Namba hii pia ni mpelelezi wa utamu: mvinyo wenye asilimia 5 hivi, kama Moscato d'Asti, umeachiwa sukari nyingi ya zabibu bila kuchachuka, kwa hiyo ni mtamu hata kama lebo haikusema.

Jambo la tatu ni mwaka, ambao hutajwa kama annata au vendemmia, au huandikwa namba tupu. Huo ni mwaka wa mavuno, si wa kuisha muda. Zabibu nyingi za Italia huvunwa kati ya Agosti na Oktoba, kwa hiyo chupa ya 2023 ilianza maisha yake mwishoni mwa mwaka huo. Mvinyo mweupe mwepesi huwa bora ukinywewa ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu tangu mavuno. Imani kwamba mvinyo hunoga kadiri unavyozeeka ni kweli kwa baadhi, lakini si kwa chupa hizi, na si katika duka lenye paa la bati.

Jambo la nne ni herufi DOC na DOCG. Hizi zinathibitisha kwamba zabibu zimetoka eneo lililotajwa na kwamba kanuni za eneo hilo zimefuatwa. DOCG ndiyo ngazi ya juu na chupa zake huvaa ukanda wa karatasi wenye namba shingoni. Herufi hizo hazisemi chochote kuhusu ukavu wala utamu. Gavi ni DOCG na ni mkavu; Moscato d'Asti ni DOCG na ni mtamu. Niliwahi kumwona mhudumu akimhakikishia mgeni kwamba "hii ina DOCG, ni kavu kabisa", na mgeni akanywa funda moja kisha akauliza kama kuna keki.

Tahadhari ya mwisho: ukiona barrique, au maneno yanayotaja legno, yaani mti, mvinyo umekaa kwenye pipa. Ladha yake huelekea vanila na moshi, na uzito huongezeka. Uuache kwa msimu wa baridi, kama Kigoma ina msimu huo. Na kwa wanaopenda mapovu, chupa ya Prosecco iliyoandikwa Extra Dry, yaani "mkavu zaidi", ni tamu kuliko iliyoandikwa Brut, ingawa neno lenyewe linaahidi kinyume.

Hatua ya 3: Punguza uchaguzi ubaki aina mbili au tatu

Usijaribu kujua zabibu zote za Italia, kwa sababu ni mamia. Chagua wachache wanaostahimili joto na wanaopatana na samaki.

Verdicchio dei Castelli di Jesi hutoka Marche, kwenye pwani ya mashariki ya Italia. Una uchachu ulionyooka wa limau na tofaa la kijani, na mwishoni huacha uchungu mdogo wa lozi. Kama nikilazimishwa kutaja mmoja tu kwa ajili ya mgebuka wa kuchoma, nitautaja huu. Baadhi ya chupa zake zina umbo la mtungi wa kale wenye kiuno, nazo husumbua kwenye rafu ya jokofu, lakini umbo hilo si alama ya ubora wala ya udhaifu.

Vermentino hupatikana Sardinia, Liguria na Toscana. Una harufu ya maganda ya limau na majani ya porini, na wengi huhisi chumvichumvi ya mbali kwenye ulimi. Ni mwandani wa dagaa.

Gavi, wa Piemonte, hutengenezwa kwa zabibu ya Cortese. Ni mwepesi na msafi, na unafaa kabla ya chakula, wageni wakiwa bado wanapeana habari. Soave hutoka karibu na Verona na hutegemea zabibu ya Garganega. Ni mpole zaidi, na nampa mtu anayelalamika kwamba mvinyo mweupe humkata meno. Grillo wa Sicilia una mwili mnene kiasi, na ndio ninaochagua kwa kuku wa mawese.

Lugana una nafasi ya pekee kwa msomaji wa huku, kwa kuwa shamba lake liko kwenye ukingo wa kusini wa ziwa Garda, na wenyeji wake hula samaki wa ziwani kama sisi. Garda ni ziwa kubwa kuliko yote Italia, likiwa na kilomita za mraba 370 hivi. Mkazi wa Ujiji anayeitazama Tanganyika yenye karibu 32,900 kila asubuhi ana ruhusa ya kutabasamu. Mvinyo wenyewe ni mkavu na laini.

Pinot Grigio ndio unaopatikana kwa urahisi kuliko wote. Mwingi wake hauna kosa wala sifa. Ukiupata wa mavuno ya karibuni na ukaupoza sawasawa, utakidhi kiu.

Hatua ya 4: Kagua chupa kabla ya kulipa

Chupa inayofika Kigoma kutoka Dar es Salaam imesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa nchi kavu, juu ya safari ya bahari kutoka Ulaya. Joto la juu ya nyuzi 30 kwa siku kadhaa huanza kuupika mvinyo, na mvinyo uliopikwa haurudi.

Najua hili kwa gharama yangu. Mwezi mmoja wa Septemba nilipokea katoni ya chupa sita, nikaiweka stoo chini ya bati, juu ya magunia ya mchele, nikiamini kwamba giza linatosha. Baada ya wiki tatu nilizitoa. Vizibo viwili vilikuwa vimechomoza kiasi cha unene wa sarafu, na chini ya karatasi ya shingoni palikuwa na utomvu wa rangi ya asali ulionata kwenye kidole gumba. Nilijidanganya kwamba chupa ambazo vizibo vyake havijasogea ni salama. Mgeni wa kwanza alinusa, akaisogeza glasi yake taratibu mpaka katikati ya meza, akaomba maji.

Kwa hiyo, ukiwa dukani, fanya hivi. Pitisha kidole juu ya kizibo kupitia karatasi ya shingoni. Lazima kiwe sawa na mdomo wa chupa au chini yake kidogo. Tafuta michirizi inayonata. Inua chupa kwenye mwanga. Rangi iwe ya majani makavu mepesi au kijani hafifu, kwani ikiwa ya kahawia mvinyo umechoka. Usichukue chupa iliyokuwa dirishani ikipigwa na jua, hasa ya kioo cheupe, kwa sababu mwanga nao huharibu harufu. Muulize muuzaji kama ana katoni iliyofungwa ndani, na iko upande gani wa stoo.

Kifuniko cha kuzungusha kisikutie mashaka. Katika hali yetu ninakipendelea kuliko kizibo, maana hakileti ukungu wa kizibo, na chupa hufungika tena vizuri.

Hatua ya 5: Ifikishe nyumbani na uitunze

Usiiache chupa ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kununua mboga. Kama inatoka Tabora au mbali zaidi, iombe isafiri usiku, ikiwa imeviringishwa kwenye kanga mbichi na kuwekwa mbali na injini.

Nyumbani, mahali pabaya kuliko pote ni juu ya jokofu, ambapo watu wengi hupanga chupa kama mapambo. Joto la mashine hupanda hapo mchana na usiku. Ndani ya jokofu ni pazuri kwa wiki kadhaa. Kama nafasi hakuna, au umeme hukatika mara kwa mara, tumia mtungi wa udongo wenye maji kidogo, uweke kivulini panapopita upepo, uzamishe chupa, ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Maji yanayotoka kwenye vinyweleo vya udongo huchukua joto yanapokauka, na kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi kiangazi hewa ikiwa kavu. Mtungi hautaupoza mvinyo kiasi cha kunywewa, ila utauzuia usipikwe.

Nunua kinachonywewa ndani ya mwezi. Akiba kubwa ya mvinyo mwepesi katika mji wa joto ni akiba ya siki.

Hatua ya 6: Poza kwa barafu, maji na chumvi

Lengo ni nyuzi 8 hadi 10 kwa mvinyo mwepesi kama Gavi, Verdicchio na Vermentino, na nyuzi 10 hadi 12 kwa ulio mnene kama Grillo. Mvinyo wa vuguvugu huachia kilevi kipande puani na uchachu wake huonekana kulegea. Mvinyo uliogandishwa kupita kiasi nao hufungia harufu yote ndani, ukabaki maji makali. Kosa la kwanza ni la kwetu. La pili hufanywa na anayeogopa la kwanza.

Njia ya polepole ni jokofu kwa saa tatu. Njia ya haraka ni hii:

1. Simamisha chupa ndani ya ndoo.
2. Zungushia barafu mpaka nusu ya kimo cha chupa.
3. Nyunyiza nusu ya chumvi, ongeza barafu mpaka mabegani, kisha chumvi iliyobaki.
4. Mimina maji mpaka vipande vya barafu vianze kuelea.
5. Kila baada ya dakika tatu au nne, izungushe chupa taratibu kwa kushika shingo.
6. Itoe baada ya dakika 15 hadi 20, uisuuze chumvi, uikaushe.

Maji ndiyo siri. Barafu tupu huigusa chupa sehemu chache na kuacha hewa katikati, ilhali maji huikumbatia yote. Chumvi nayo huyawezesha maji kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Nimeona ndoo za barafu bila maji zilizopambwa vizuri zikikaa mezani saa nzima, na chupa ikatoka na baridi upande mmoja.

Barafu inayotumika kuhifadhi samaki, kama ile ya mwalo wa Kibirizi, inafaa kupozea chupa kwa nje tu. Isiingie kwenye glasi. Ukilazimika kutumia friza, weka kengele ya simu ilie baada ya nusu saa, maana chupa iliyosahaulika hutanuka ndani na kupasuka.

Utajua umefika unapoona umande unatanda kwenye kioo chote mara tu chupa inapokauka, na kiganja chako kikivumilia kuishika kwa sekunde kumi bila kuuma. Mpe mgeni mvinyo ukiwa nyuzi mbili chini ya lengo, kwa sababu ukumbini hewa ya nyuzi 29 itaupandisha kabla hajamaliza habari yake.

Hatua ya 7: Fungua, nusa, onja kabla ya mtu mwingine

Zungusha kizibuo katikati ya kizibo bila kukitoboa mpaka chini, uvute kwa utulivu, kisha ufute mdomo wa chupa. Mimina funda moja kwenye glasi yako, uishike mguuni ili joto la mkono lisiupate mvinyo, uizungushe, unuse.

Harufu ya limau, embe bichi, tofaa, mchaichai au maua ni dalili njema. Harufu ya kadibodi iliyolowa, au ya kitambaa cha deki kilicholala ndani ya ndoo, ina maana kwamba kizibo kimeuambukiza mvinyo ukungu, na hakuna baridi itakayouponya. Harufu ya tofaa lililopondeka na kuachwa, pamoja na rangi iliyokolea, ni dalili ya hewa kuingia. Harufu ya matunda yaliyochemshwa na sukari ni joto.

Ukiona punje zinazong'aa chini ya chupa mithili ya sukari au vioo, usiirudishe. Ni chumvi ya asili ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara, na ukimimina polepole itabaki chini.

Jaza glasi theluthi moja tu. Hivyo chupa hutoa takribani glasi saba za mililita 100, na kila glasi humalizwa ingali baridi, wakati chupa inarudi kwenye ndoo.

Hatua ya 8: Onja mbili kwa pamoja, majina yakiwa yamefichwa

Kugundua mvinyo hakutokani na kunywa chupa moja na kuisifu. Alika watu wanne au watano, poza chupa mbili kwa kiwango kilekile, zifunge kwa gazeti, uziandike A na B. Kila mtu aonje bila chakula, kisha na chakula, na aandike kwa Kiswahili chake. Maneno ya daftari langu ninayoyathamini kuliko yote yaliandikwa na mpishi mmoja kuhusu Vermentino: "kama kulamba kidole baada ya kukamua ndimu kwenye samaki mwenye chumvi." Sijapata maelezo bora ya mvinyo huo.

Jibu halisi liko kwenye glasi, si midomoni. Angalia ni chupa ipi imeisha kwanza wakati sahani zikiwa bado mezani. Mara nyingi mvinyo uliosifiwa zaidi kabla ya chakula ndio unaobaki.

Hatua ya 9: Pendekeza kwa maswali mawili na onjo moja

Kwanza hakikisha mtu anakunywa. Kigoma na Ujiji ni miji yenye Waislamu wengi, na hata asiye Mwislamu anaweza kuwa mjamzito, yumo kwenye dawa au ndiye dereva. Mhudumu husubiri aulizwe, au huuliza kwa upole "mtatumia kinywaji gani?" na kuacha mlango wazi kwa maji na juisi.

Kisha uliza anakula nini, na kwa kawaida anapenda kunywa nini. Usimuulize anapenda zabibu gani. Haya ni mazungumzo niliyoyasikia mwanafunzi wangu mmoja akiyaendesha vizuri na mzee aliyeagiza mgebuka:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, na samaki huyu utapenda kinywaji chenye utamu, au kikavu?"

"Mimi nimezoea bia ya baridi. Hivyo vitu vyenu vya sukari vinanipa kichwa."

"Basi mzee, upo mvinyo mweupe mkavu, hauna utamu. Una uchachu wa limau na mwisho wake una uchungu kidogo, kama wa bia. Glasi yake bei yake ni hii hapa. Nikumiminie kidogo uonje? Usipoupenda nitakuletea bia yako."

"Haya, mimina tuone."

Kijana hakutaja Verdicchio mpaka glasi ya pili, mzee alipouliza mwenyewe. Alianza na kitu ambacho mzee anakijua, akataja bei mapema ili pasiwe na aibu mwishoni, na akamwachia njia ya kukataa. Kwa aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma, usimrukishe mpaka kwenye Gavi. Tafuta wenye abboccato, au Soave kama hana haraka. Kwa mpenzi wa soda, Moscato d'Asti yenye baridi kali, pamoja na matunda, haijawahi kuniangusha.

Jina litakapoulizwa, litamke bila woga. Irabu za Kiitaliano zinasomeka karibu kama zetu, kwa hiyo Soave, Lugana na Vermentino vinatamkwa vilivyoandikwa. Kumbuka mambo mawili tu: ch yao ni k yetu, na gi yao ni ji yetu. Verdicchio inakuwa "Verdikio", na Pinot Grigio inakuwa "Pino Grijo".

Hatua ya 10: Chupa iliyobaki

Ifunge mara moja, uirudishe ndani ya jokofu ikiwa imesimama, na uandike tarehe kwenye lebo kwa kalamu. Itakaa siku tatu, pengine tano kama ina kifuniko cha kuzungusha. Ionje kila siku kabla ya kumpa mtu. Harufu ya limau ikitoweka lakini uchachu ukiwa bado mzuri, mpe mpishi. Vijiko vinne vimwagwe kwenye kikaango chenye vitunguu na nyanya, viachwe vichemke mpaka harufu ya kilevi iishe, ndipo mgebuka uingie.